Matofali ya Mayige

Matofali ya kaburi langu yalifika nyumbani kabla yangu.

Nilishuka kwenye bodaboda nikitokea Bariadi mjini, mgongo umekufa ganzi kwa safari ndefu ya basi kutoka Dar es Salaam, binti yangu Joyness nyuma yangu na begi mapajani. Trekta la jirani lilikuwa limesimama uani kwangu, na vijana walikuwa wanapanga matofali ya kuchoma chini ya dirisha la chumba ninacholala. Pembeni kulikuwa na lundo la mchanga. Shemeji yangu Mayige, mdogo wa marehemu mume wangu Selestini, alisimama katikati yao na mikono kiunoni, anaelekeza.

"Mwadila, shemeji," nikamwamkia. "Unajenga?"

"Ghala, shemeji. Pamba ya mwaka huu..."

"Pamba ipi? Shamba lako bado lina mabua ya mwaka jana."

Akatazama viatu vyake. Mayige ni mtu mzima, ana wake wawili na zizi lililojaa, lakini uongo haujui. Nikamgeukia Joyness. Alikuwa ameanza kulia tangu aone trekta, na hapo nikajua kwamba wote wawili wana habari ambayo mimi, mwenye mwili, sijaambiwa.

"Sema," nikamwambia.

"Mama, tuingie ndani kwanza."

"Sema hapahapa, vijana nao wasikie. Wao ndio wanaofanya kazi."

Basi akasema. Siku ya kuondoka Dar, daktari alimwita pembeni akamwambia picha yangu si nzuri. Dripu zile tatu hazijasaidia, ugonjwa umehamia mahali pengine. Joyness akampigia simu baba yake mdogo, maana angempigia nani mwingine? Na Mayige, mtu wa vitendo, akaenda kutafuta matofali.

"Ni heshima, shemeji," Mayige akasema kwa sauti ya chini. "Kaka angenilaumu ukilala kwenye udongo mtupu."

Nilikasirika mpaka nikasahau uchovu. Si kwa sababu ya kufa. Kila mtu atakufa, hata Mayige. Nilikasirika kwa kuwa walikuwa wameanza shughuli yangu bila mimi. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema, lakini mimi nilikuwepo! Nilikuwa nimesimama pale na njaa, nataka ugali na maziwa mgando. Nikaingia ndani nikasonga mwenyewe, nikala mbele yao, na sikumkaribisha mtu.

Mimi naitwa Nyanjige. Kanisani ni Anna, ila Anna ni wa Jumapili tu. Nalima pamba na mpunga hapa Sapiwi, na sijawahi kumwogopa mtu zaidi ya mama yangu mzazi. Mwaka jana shingo yangu ilianza kuota vinundu. Wakasema kifua kikuu, nikameza vidonge mpaka mkojo ukawa mwekundu, vinundu vikanenepa na mimi nikakonda. Mwishowe hospitali ya masista kule Bariadi wakakata kinundu kimoja, wakakipeleka kupimwa, jibu likarudi: saratani ya mitoki. Mitoki ni zile tezi za shingoni, kwapani na kinenani zinazovimba ukiwa na kidonda. Zangu zilivimba bila kidonda.

Daktari Specioza, anayekuja pale siku za kliniki ya saratani, ndiye aliyenieleza dawa. Alianza na Kiswahili cha vitabuni, kingamwili sijui nini, akaona nimekunja uso. Yeye ni mtoto wa Mwanhuzi, Msukuma mwenzangu, akaanza upya.

"Mama, ugonjwa huu ni wezi wanaojifanya wanakijiji. Kuna dawa zinazopiga kila mtu, hizo ndizo zitakazokunyoa nywele. Na kuna hii nyingine, kingamwili. Hii haipigi ovyo. Inamshika mwizi shati, inapiga mwano, halafu sungusungu wa mwili wako wenyewe wanatoka kumshughulikia."

Hapo nikaelewa. Nani huku asiyejua mwano? Ng'ombe wakiibwa, mmoja anapiga yowe, wa pili analipokea, na chai haijachemka kijiji kizima kiko njiani na rungu na mishale. Nikamwambia anitundikie hiyo dripu hata siku ileile.

Dripu ya kwanza nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Baada ya ya pili, vinundu vya shingo vikasinyaa. Baada ya ya tatu jasho la usiku likakoma, sketi ikaanza kunibana, na nikarudia kugombana na watu. Joyness akasema, sasa mama anapona.

Lakini daktari alitaka kuona ndani. Tukiwa katikati ya matibabu, alisema, kuna picha inayoweza kutabiri mwisho wa safari. Mtu anachomwa sukari yenye mionzi kidogo, na mashine inaonyesha sehemu zinazoila kwa wingi. Wengi ambao picha yao imezimika mapema hufika salama. Wanaoendelea kuwaka, wengi wao dawa inashindwa. Mashine yenyewe iko Dar.

Utabiri naujua. Baba yangu alikuwa mtu wa kupasua kuku na kusoma mambo ya watu tumboni mwake. Lakini kabla hajataja neno lolote juu ya ndoa yako au ng'ombe wako, alikuuliza maswali mpaka ukajuta kwa nini ulikwenda. Alisema kuku haongei peke yake.

Kabla ya safari, mama mkwe wangu Kwandu aliniita kwake. Ni mkongwe, macho yamebaki kidogo, ila wembe bado anaushika sawasawa.

"Unakwenda mbali," akasema. "Sitakuacha uende wazi."

Akanichanja chale kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na nyingine juu ya mguu wa kulia, akasugulia unga mweusi. Lukago. Sikiliza vizuri: lukago si dawa. Dawa inatibu mgonjwa. Lukago ni komeo la mlango, unalitia wakati mwizi hayupo. Kushoto juu, kulia chini, ili kinga ipite mwilini mshazari, kama mti unaozuia lango la zizi. Padri angejua angenifokea mbele ya wote. Lakini yule bibi alimzika mwanawe kwa mikono yake, na alichobaki nacho cha kunipa kilikuwa kile. Nikampa mkono, nikampa na mguu.

Kule Dar, kijana mwenye koti jeupe aliniuliza maswali bila kuinua kichwa. Umekula? Sijala. Una kisukari? Sina. Una mimba? Nikamtazama tu, akajijibu mwenyewe. Umetumia dawa za kienyeji? Sijatumia. Umechanja chanjo yoyote karibuni? Nikamwambia chanjo ni za watoto wa kliniki, mwanangu, mimi ni bibi. Akaandika hapana. Basi wakanichoma ile sukari, wakanifunika blanketi, wakaniambia nilale kimya, nisiongee na mtu. Katika matibabu yangu yote, hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Hiyo ndiyo picha iliyoninunulia matofali.

Siku ya dripu ya nne niliamka nikaoga, nikavaa gauni la kanisani. Mayige naye akaja amevaa koti lake la misibani. Alisema yeye kama mkubwa wa familia lazima awepo kupokea maneno ya daktari.

"Twende," nikamwambia. "Ukayapokee."

Daktari Specioza alitusalimia, "Mwangaluka, mayu," kisha akapanga upya karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. Kompyuta yake ilikuwa imegeuziwa ukuta.

"Mama, majibu ya Dar yamefika," akasema. "Madaktari wamekaa kikao. Wanashauri tusimamishe dripu. Dawa hii ni adimu, na inaonekana kwako haifanyi kazi tena. Tutabaki na dawa za kutuliza maumivu."

"Maumivu yapi?"

"Yatakayokuja."

"Daktari, mimi siumwi popote. Unataka kutibu maumivu ambayo hayajaja, na ugonjwa uliopo uuache?"

Mayige akakohoa. "Daktari, tunakushukuru kwa yote. Sisi kama familia tumeshajiandaa. La kuvunda halina ubani."

"Nani amevunda?" Nikamgeukia na kiti changu. "Mimi? Sogea uninuse!"

Joyness akanishika mkono, nikauchomoa. Nilikuwa naogopa, sikatai. Lakini woga wangu hutokea mdomoni ukiwa umeshakuwa ugomvi, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa kuniumba hivyo.

"Daktari, wewe unanijua," nikasema. "Mara ya kwanza nililetwa hapa nimebebwa. Leo nimekuja nimekaa kwenye pikipiki kama mtu. Nakula, nalala, nimeteka maji asubuhi. Shika shingo hii. Kinundu kiko wapi? Huyo shahidi wa Dar anayesema nakufa, nataka kumwona. Kwetu hata mwizi wa ng'ombe hahukumiwi bila kukutanishwa na shahidi."

Akanishika shingo. Akashika tena, polepole, pande zote mbili. Kisha akaigeuza kompyuta.

Niliona mtu wa kijivu amelala chali, na ndani yake taa za rangi ya machungwa. Kichwa chote kilikuwa kinawaka.

"Mungu wangu! Hadi kwenye ubongo!"

"Hapana, mama. Ubongo wa kila mtu unawaka. Unakula sukari kutwa nzima."

"Hata wa Mayige?"

Kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Hata wa shemeji."

"Na hii ya kifuani?"

"Moyo."

"Na hili limoto la huku chini?"

"Kibofu. Sukari inatoka na mkojo."

"Kumbe kuna taa za halali na taa za haramu."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Mashine hii haioni saratani, mama. Inaona anayekula sukari. Wezi wanakula sana, ndiyo maana wanawaka. Lakini sungusungu nao wakikusanyika mahali wanakula, nao wanawaka. Kazi yetu ni kujua yupi ni yupi." Akapitisha kalamu kwenye kioo. "Shingoni kumezimika. Tumboni kumezimika. Kote ulikokuwa na vinundu kumezimika, na hilo peke yake lingenifurahisha sana. Tatizo ni hizi mbili. Hizi hazikuwepo."

Kalamu ikasimama kwenye kwapa la kushoto. Halafu ikashuka kwenye kinena cha kulia.

"Ugonjwa ukitokea mahali papya na dawa inaendelea, ni dalili mbaya," akasema. Halafu akaongeza, kama anajisemea mwenyewe, "Kwapa huwaka hivi mtu akiwa amechanja karibuni. Wakati wa korona tuliona sana. Ila wewe uliulizwa, ukasema hujachanja."

"Chanjo ya sindano?"

"Ya sindano, ndiyo. Kwani kuna..."

Hakumaliza. Alinitazama usoni, kisha akanitazama mkono wa kushoto, na mimi tayari nilikuwa navua bangili.

"Mimi nilichanjwa kwa wembe," nikasema. "Wiki ile ya safari."

"Na mguu?"

"Wa kulia."

"Lukago," akasema.

"Lukago."

Mayige akafanya ishara ya msalaba. Daktari hakumjali. Alipiga goti sakafuni na koti lake jeupe, akanivua kiatu mwenyewe. Alama za wembe ninazo tangu utoto, mikononi na kifuani, nani angezihesabu? Lakini ile mpya ya mguuni ilikuwa imetunga usaha. Nilikuwa nimeifunga kitambaa, nikidhani kiatu kipya ndicho kinachoichokoza.

Basi akaanza kunifokea. Alifoka kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kisukuma. Dawa zangu zimepunguza askari wa damu, akasema, na mtu wa aina yangu kukatwa na wembe uliokaa darini ni kujitafutia kifo cha haraka kuliko saratani yenyewe. Alinionyesha mstari mwekundu uliokuwa unapanda kwenye mguu. Nikanyamaza. Kwa hilo alikuwa na haki, na mtu akiwa na haki mimi humwachia.

"Kwa nini hukusema?" akauliza mwishoni.

Hapo sikunyamaza.

"Nimeficha nini mimi? Niliulizwa dawa za kienyeji. Lukago si dawa, wewe ni mtoto wa Mwanhuzi, unajua. Niliulizwa chanjo, nikajua ni ile ya kliniki. Yule kijana angeniuliza, bibi, kuna mtu amekukata ngozi, ningemvulia kiatu palepale. Mimi nilijibu nilichoulizwa."

Akakaa kitini, akajisugua paji la uso. "Bibi yangu alinichanja hivyohivyo nilipokwenda bweni," akasema. "Na mimi sikukuuliza."

Joyness alikuwa ameacha kulia. "Kwa hiyo mama hana ugonjwa kwapani?"

"Sijasema hivyo. Huenda ni sungusungu wamekimbilia kwenye vidonda. Huenda ni wezi kweli. Picha haiwezi kutuambia. Lazima tutoe kipande kidogo cha nyama kwapani, kipimwe."

"Toa hata kilo," nikasema. "Na dripu?"

"Kikao kimeagiza tusimamishe, mama."

"Kikao kilimhukumu Nyanjige ambaye hajachanjwa. Mimi nimechanjwa. Mtafuteni huyo mwingine mkamsimamishie yeye."

Nikanyanyuka, nikachechemea hadi chumba cha pili, nikakaa kwenye kile kiti cha dripu. Muuguzi aliniomba nitoke, nikamwambia anitoe. Mimi si mwepesi, na hata nilipokonda mifupa yangu ilikuwa mizito. Kutoka pale nilimsikia Daktari Specioza kwenye simu, anagombana na Dar kwa Kiingereza. Kiingereza sikijui, lakini ugomvi naujua kwa sauti, na ule ulikuwa ugomvi mzuri.

Alirudi akiwa amechoka. "Nimewaomba wakuwekee nafasi yako mpaka jibu la nyama lirudi. Wamekubali. Leo sikutundikii, kwa sababu huo mguu lazima upone kwanza, na hapo usibishane nami."

Sikubishana. Wakanitoa nyama kwapani, wakanipa vidonge vya kidonda, tukarudi Sapiwi kusubiri.

Njiani Mayige alipata nguvu. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akawa anarudia kila tukipunguza mwendo, mpaka mwenye pikipiki naye akachoka. Tulipofika hakuja kwangu, akapitiliza kwa mama yake. Nilisikia sauti yake kutoka uani. Mama, umemwua shemeji. Wembe wako ndio umemmaliza. Hospitali nzima sasa inajua kwamba sisi ni watu wa giza.

Kwandu hakula siku ile, wala iliyofuata. Joyness alimpelekea uji, ukarudi ulivyo. Nikaenda mwenyewe na mguu wangu mbaya, nikamkuta amekaa mlangoni, ule wembe ameuweka mbele yake juu ya jiwe.

"Mama," nikamwambia, "ulinikata na nikaumia, hilo nakwambia usoni. Hutanichanja tena mpaka dripu ziishe. Ukisogea na wembe nitapiga mwano. Lakini hujaniua. Atakayesema umeniua, mlete kwangu."

Akaugeuza wembe juu ya jiwe. Halafu akauliza, "Ni kweli ilionekana?"

"Nini?"

"Lukago. Mayige anasema iliwaka kwenye mashine."

"Iliwaka, mama. Kwapani na kinenani. Madaktari wa Dar walikaa kikao kwa ajili yake."

Yule bibi akanyoosha mgongo. "Maisha yangu yote wananicheka," akasema, "wasomi na watu wa kanisa. Wanasema ni mkaa tu, haina kitu ndani. Kumbe inawaka!"

Nilicheka mpaka kwapa lenye mshono likauma. Yeye naye akacheka, na baadaye akanywa uji.

Lakini sitaki mtu adhani kusubiri kule kulikuwa kicheko. Kila jioni nilikaa juu ya matofali yale nikichambua kunde, kwa makusudi, ili wapitao waone. Walinisalimia kwa ile sauti ya chini, ya kuongea na mtu wa kuondoka. Niliwajibu kwa nguvu. Wakishapita, nilijishika kwapa la kushoto, nikitafuta kama kuna kitu kinakua. Nilisali kama Anna na nikatukana kama Nyanjige. Nilitaka kuishi. Sikuwa na sababu kubwa ya kumwambia mtu. Nilitaka tu kuona mpunga wangu unatoa masuke, na kumwoza Joyness kwa mtu mwenye akili.

Daktari Specioza alipiga simu tukiwa shambani. Joyness akaweka sauti kubwa.

"Mama, hakuna saratani kwapani. Ni tezi iliyokasirika tu kwa sababu ya kile kidonda."

"Kwa hasira imemfuata mwenyewe," Joyness akasema, kisha akakaa chini kwenye matuta akaanza kulia upya.

"Daktari," nikasema, "dripu ni lini?"

"Njoo kliniki ijayo. Kikao kimefuta neno lake."

Nilitundikiwa ya nne, na zilizobaki zote. Nywele zilizobaki zilinyonyoka, kucha zikawa nyeusi, kuna siku nilitapika mpaka nikaionea huruma ndoo. Sikuacha hata moja. Zilipoisha wakanirudisha Dar kupiga picha ya mwisho, na kumbe nilimkuta kijana yuleyule. Safari hii aliinua kichwa.

"Bibi, kuna sehemu yoyote umekatwa au kuchanjwa karibuni, kwa sindano au kwa wembe?"

"Hapo sasa," nikamwambia. "Hakuna. Na sina mimba."

Picha ilirudi na ubongo, moyo na kibofu tu. Kwingine kote giza, giza zuri. Daktari Specioza aliniambia nisijisahau, kwamba picha inatabiri, haiahidi, na kwamba nitaendelea kuonekana kliniki. Nikamwambia hata mawingu ni hivyohivyo, na bado tunapanda.

Mavuno yalipokwisha, Mayige alikuja kunitembelea. Alikula wali wangu na samaki wa Lamadi, akala tena, akasifu. Halafu akaanza kuzungukazunguka.

"Shemeji, nafurahi sana umepona. Sasa yale matofali, naona hayapo... Nilikuwa nafikiria ghala."

"Matofali yalikuja kwa ajili yangu, shemeji. Ulisema mwenyewe ni heshima."

"Ndiyo, lakini..."

Hakumaliza, tumbo lilimkatiza. Samaki wa Lamadi ukimla mara mbili hukudai palepale. Akainuka, anatazama huku na huku uani, jasho limemtoka, na koti la misibani limempanda mgongoni. Nikachota maji kwenye kopo, nikamnyooshea kidole nyuma ya nyumba, kwenye choo changu kipya cha matofali ya kuchoma, chenye bati na mlango wa mbao.

Akasimama mbele ya ule mlango. Aliyatambua matofali yake.

"Ingia tu, shemeji," nikamwambia. "Hilo ndilo kaburi langu. Mimi kila asubuhi naingia na kutoka."